Istilahi za Besiboli: Daktari wa Timu, Mashabiki, na Utata wa Neno Kano

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona kurasa hizi zikitolewa kwa mchezo wa besiboli, ambao kwa walio wengi katika Afrika Mashariki ni mchezo wa kigeni. Ugeni huo, hata hivyo, unapungua. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilikwenda Williamsport, Pennsylvania, kushiriki mashindano ya dunia ya ligi ya watoto. Mwaka 2022 timu ya Los Angeles Dodgers iliwaandikia mikataba vijana wawili wa Uganda. Mchezo huu hufundishwa pia katika baadhi ya shule za Dar es Salaam. Pahali popote mchezo uingiapo, maneno yake huingia pamoja nao. Na baada ya maneno ya mchezo hufuata maneno ya maumivu, kwani hapana mchezo usiojeruhi.

Makala haya hayakusudii kuwafundisha wasomaji kucheza besiboli. Tunakusudia kuchunguza maneno yatumikayo na makundi mawili yanayoizunguka timu moja ya kulipwa, yaani matabibu wake na mashabiki wake, na kuonyesha jinsi yanavyoweza kusemwa kwa Kiswahili bila ya kumpotosha msomaji. Tumeichagua timu ya Dodgers kwa sababu historia yake ya tiba inajulikana sana, na kwa sababu desturi za mashabiki wake zinatupa mifano mizuri. Hoja yetu ni moja: istilahi haipimwi katika orodha, bali hupimwa katika sentensi, mahali inapokutana na jirani zake.

Maneno machache ya uwanjani

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maneno machache ambayo bila ya hayo hatutaweza kuendelea. Timu mbili za watu tisa hupokezana kushambulia na kulinda. Upande wa ulinzi, mtu mmoja husimama juu ya kichuguu kilicho katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani aliyeshika rungu. Huyu wa kwanza tunamwita mrushaji, na yule wa pili mpigaji. Anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ili kuupokea mpira ni mdakaji, neno ambalo wapenzi wa kandanda hawatapata taabu kulielewa, kwani golikipa wao naye hudaka. Kwa chombo cha kupigia, wengine wamependelea gongo. Lakini kwa kuwa neno hilo huwapeleka wasikilizaji wengi kwenye pombe haramu, tunaona rungu ni salama zaidi.

Kila timu ikishapata nafasi ya kushambulia mara moja, hukamilika sehemu moja ya mchezo, na sehemu hizo ni tisa. Hapa mfasiri hukutana na mtego wa kwanza. Akiita sehemu nzima zamu, atakosa neno la nafasi ya kila timu ndani ya sehemu hiyo. Akiiita kipindi, wasomaji watafikiri inapimwa kwa dakika, ilhali besiboli haina saa ya kumaliza mchezo. Tunapendekeza duru kwa sehemu nzima, na zamu kwa nafasi ya timu moja. Kwa hivyo mchezo una duru tisa, na kila duru ina zamu mbili: ya wageni kwanza, kisha ya wenyeji.

Jambo la mwisho ni tofauti ya kurusha na kutupa. Katika mazungumzo ya kawaida vitenzi hivi hubadilishana nafasi bila ya madhara. Katika besiboli, mpira unaotoka kwa mrushaji kwenda kwa mpigaji ni jambo moja, na mpira ambao walinzi wanapeana ni jambo jingine. Tunapendekeza ule wa kwanza uitwe mrusho, na huu wa pili mtupo. Mwishoni mwa makala tutaona kwamba tofauti hii ndogo inaweza kulinda mkono wa mtoto.

Daktari, mganga, na mtunza afya

Timu ya kulipwa huwa na watu kadha wa tiba. Yuko daktari, ambaye aghalabu ni bingwa wa mifupa na viungo. Yuko mtaalamu wa tiba ya viungo. Na yuko mtu ambaye mchezaji akianguka ndiye wa kwanza kukimbilia uwanjani. Mtu huyo hufunga vifundo kabla ya mchezo, hutoa huduma ya kwanza, na humsimamia mgonjwa siku kwa siku mpaka apone. Nchini Marekani kazi hii ina masomo yake ya chuo kikuu na cheti chake.

Huyu wa mwisho ndiye mgumu kutafsiri. Jina lake la Kiingereza limetokana na kitenzi cha kufundisha, na mfasiri mwenye haraka atamwita mkufunzi au mwalimu wa timu. Msomaji wa Kiswahili atamwelewa kuwa ni kocha, na habari yote itageuka kichwa chini. Kumwita kocha wa viungo hakusaidii, maana jina hilo tayari ni la yule anayewakimbiza wachezaji mazoezini ili wapate pumzi na nguvu. Kumwita tabibu nako kuna mashaka, kwa kuwa katika utumishi wa afya wa Tanzania tabibu ni cheo chenye mafunzo na mipaka yake.

Ama neno mganga, hilo lina historia ya heshima. Serikali ya Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na mikoa ina Waganga Wakuu wa Mikoa, na hapana anayewadhania kuwa ni wapiga ramli. Lakini neno hilo hilo likitiwa katika fungu la maneno mganga wa timu, kila mpenda kandanda atatabasamu, akijua kwamba anayetajwa hapo hafanyi kazi kwa bandeji. Huu ni ushahidi mzuri wa hoja yetu. Neno halikubadilika hata herufi moja. Jirani yake tu ndiye aliyebadilika.

Tunapendekeza basi daktari wa timu kwa yule bingwa, na mtunza afya wa timu kwa yule wa kila siku, kwa kufuata mfano wa mtunza hazina na mtunza bustani, ambao kazi yao pia ni kuhifadhi na kuangalia.

Baridi yabisi na ndoo ya barafu

Mwaka 1966 mrushaji wa Dodgers, Sandy Koufax, alistaafu akiwa na umri wa miaka 30 tu. Hakuwa amechoka, msimu huo huo alikuwa ameshinda michezo 27. Kilichomtoa ni kiwiko chake cha kushoto, ambacho kilikuwa kimeharibika kwa miaka mingi ya kurusha. Daktari wa timu wakati huo alikuwa Robert Kerlan. Koufax alichomwa sindano za dawa ya kupunguza uvimbe, alipakwa marhamu kali kabla ya mchezo, na baada ya mchezo alitia kiwiko ndani ya maji ya barafu.

Mfasiri akifungua kamusi kutafuta ugonjwa wa Koufax, yamkini atakutana na baridi yabisi. Ni neno zuri, la zamani, na linajulikana na watu wote. Lakini hebu tulitie katika sentensi: Mrushaji huyu alisumbuliwa na baridi yabisi, na kila baada ya mchezo alitia kiwiko katika barafu. Msomaji yeyote mwenye akili timamu atauliza kwa nini mtu aliyeugua kwa baridi anaongezewa baridi, na huenda akakata shauri kwamba barafu ndiyo iliyomlemaza. Jina la ugonjwa linabeba ndani yake nadharia ya chanzo chake, na nadharia hiyo haihusu kiwiko cha mrushaji. Kiwiko cha Koufax kilichakaa kwa kazi. Hapa ni bora kusema waziwazi kuchakaa kwa kiungo, na kuliachia neno baridi yabisi maradhi ambayo watu wamezoea kuyaita hivyo.

Aidha, neno kiwiko lenyewe linataka uangalifu. Wako wasemaji ambao kwao kiwiko cha mkono ni pale kiganja kinapoungana na mkono, ingawa walio wengi leo hukitumia kwa pale mkono unapokunjikia katikati. Katika barua ya hospitali si vibaya kuandika kiwiko, yaani kisugudi, ili pasiwe na shaka.

Kano kwa kano

Sasa tunafika kwenye kiini cha makala haya. Tarehe 17 Julai 1974 mrushaji mwingine wa Dodgers, Tommy John, alikuwa juu ya kichuguu dhidi ya timu ya Montreal. Msimu ulikuwa umemwendea vizuri: alikuwa ameshinda michezo 13 na kupoteza 3. Katika mrusho mmoja kiwiko chake cha kushoto kilikatika kwa ndani. Kilichokatika hakikuwa mfupa wala msuli, bali ule mshipi mgumu unaofunga mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa kigasha upande wa ndani. Kwa mrushaji jeraha hilo lilikuwa mwisho wa kazi.

Tarehe 25 Septemba 1974 daktari wa timu, Frank Jobe, alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa mrushaji. Alitoa uzi mrefu mwembamba kutoka kigasha cha mkono wa kulia wa John, ambao kazi yake huko ilikuwa kuunganisha msuli mdogo na kiganja, akatoboa matundu katika mifupa ya kiwiko cha kushoto, akaupitisha uzi huo ili ushike mahali pa mshipi uliokatika. Jobe alikisia kwamba tumaini la John kurudi kazini lilikuwa moja kwa mia. John alikosa msimu wote wa 1975, akarudi mwaka 1976, akaendelea kurusha hadi mwaka 1989. Katika ushindi wake wote wa michezo 288, michezo 164 aliishinda baada ya upasuaji.

Msomaji ameona kwamba katika aya hiyo tumejizuia kutaja majina ya vitu viwili, tukaviita uzi na mshipi. Tulifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu katika Kiswahili cha kawaida vyote viwili huitwa kano. Kano huunganisha msuli na mfupa. Na kile kinachounganisha mfupa na mfupa nacho ni kano. Kwa mchinjaji au mpishi hapana hasara. Lakini hebu tuandike sentensi ya tendo la Jobe: Daktari alitoa kano mkononi akaiweka mahali pa kano. Sentensi hii haina kosa la sarufi, na haisemi kitu.

Tufikiri sasa juu ya mzazi ambaye mwanawe ameumia, naye anatakiwa atie sahihi fomu ya ridhaa. Anaambiwa kwamba kano la mkono mzima litakatwa ili kutibu kano la mkono mgonjwa. Ana haki ya kuuliza: ikiwa kukatika kwa kano ndiko kulikomlemaza mtoto huku, mbona mnalikata jingine kule? Jawabu la kitabibu lipo, tena linatuliza. Uzi unaochukuliwa kigashani una kazi ndogo sana. Wako watu waliozaliwa bila ya huo na hawajui kwamba hawana. Mtu anaweza kujichunguza mwenyewe kwa kukutanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kukunja kiganja kidogo kuelekea ndani: kwa walio nao, uzi hutokeza katikati ya kifundo. Lakini jawabu hili haliwezi kutolewa kwa lugha ambayo imeviita vitu viwili kwa jina moja. Lawama haimwangukii mzazi asiyeelewa. Inatuangukia sisi tunaoshughulika na istilahi.

Njia za kutenganisha ni kadha, na tumezipima moja moja.

Njia ya kwanza ni kutumia kano kwa kimoja na ukano kwa kingine. Njia hii inavutia kwa kuwa maumbo yote mawili yamo katika lugha. Ubaya wake ni kwamba ukano, kwa kanuni za ngeli, wingi wake ni kano. Daktari akisema kano mbili zimekatika, hatujui kama anataja wingi wa neno la kwanza au la pili.

Njia ya pili ni kuongeza kivumishi: kano la msuli na kano la mifupa. Katika kitabu njia hii inatosha. Katika wodi haitatosha, kwa sababu wasemaji wenye haraka hudondosha kivumishi, na likishadondoka tumerudi tulikotoka.

Njia ya tatu ni kuchukua neno la kitu kingine kinachofanana. Utepe ulipendekezwa, kwa kuwa kitu chenyewe ni bapa kama utepe. Lakini mtunza afya wa timu hufunga viungo vya wachezaji kwa utepe wa gundi kila siku. Akisema utepe wa kiwiko umekatika, mwenzake ataleta mwingine kutoka sandukuni.

Njia ya nne, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni kuacha kano libaki kwa kile kinachounganisha msuli na mfupa, na kuunda neno jipya kwa kile kinachounganisha mfupa na mfupa. Lugha yetu tayari ina kiungamwana, yaani ule mrija unaomuunga mtoto na mama yake tumboni. Kwa mfano huo tunapata kiungamifupa, wingi viungamifupa. Neno ni refu kidogo, lakini linajieleza, lina ngeli isiyo na shaka, na halidondoshi kitu hata likisemwa kwa haraka. Tulipime: Daktari alitoa kano kutoka kigasha cha kulia, akalipandikiza mahali pa kiungamifupa kilichokatika katika kiwiko cha kushoto. Mzazi anaweza kuisoma sentensi hii, akauliza swali la maana, kisha akatia sahihi au akakataa kwa kujua.

Upasuaji wa nani?

Mashabiki wa Marekani hawakusubiri kamati yoyote. Waliuita upasuaji huu kwa jina la mchezaji aliyepona, wala si kwa jina la daktari aliyeubuni, na madaktari wenyewe wakafuata. Kwa Kiswahili tungeweza kusema upasuaji wa Tommy John, lakini kiunganishi chetu -a kina nyuso mbili. Upasuaji wa Tommy John unaweza kuwa ule aliofanyiwa John, au ule alioufanya John. Na kwa kuwa magonjwa na tiba nyingi huitwa kwa majina ya madaktari, msomaji ataelekea kudhani kwamba John alikuwa daktari. Tunashauri istilahi iwe upandikizaji wa kano la kiwiko, na mara ya kwanza iongezwe maneno ujulikanao kwa jina la mchezaji Tommy John. Shohei Ohtani, mchezaji maarufu kutoka Japani, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa kiwiko mwaka 2018 na tena mwaka 2023. Akajiunga na Dodgers, na mwezi Juni 2025 akarusha tena. Habari kama hizi zinaandikwa kila msimu, na mfasiri hana budi awe na neno tayari.

Muda wa kurudia hali ya awali nao unataka jina. Neno utengamao, ambalo limekwisha kuingia katika huduma za afya nchini Tanzania, linafaa, kwani kutengamaa ni kukaa sawa baada ya kuyumba.

Orodha ya majeruhi

Timu za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani huwaweka wachezaji wasioweza kucheza katika orodha maalum: siku 10 kwa wengi, siku 15 kwa warushaji, siku 60 kwa majeraha makubwa, na siku 7 kwa mtikisiko wa ubongo. Kwa miaka mingi orodha hiyo iliitwa kwa neno linalomaanisha ulemavu. Mwaka 2019 Ligi ililibadilisha jina hilo, kwa sababu liliwafananisha watu wenye ulemavu na watu wasioweza kushiriki michezo, jambo ambalo si kweli.

Kiswahili kimekwisha kuipita njia hii. Tulitoka katika kilema, tukaja katika mlemavu, na sasa tunasema mtu mwenye ulemavu. Na kwa habari za michezo, watangazaji wetu walikwisha kuchagua neno majeruhi kabla hatujaombwa ushauri. Orodha ya majeruhi ni istilahi sahihi, na sifa ni ya watangazaji hao. Mkuza istilahi mwenye busara huanza kwa kusikiliza.

Desturi za jukwaani

Tukitoka katika chumba cha matibabu na kupanda jukwaani, tunakutana kwanza na jina la watu wenyewe. Katika Afrika Mashariki tunatofautisha wapenzi, mashabiki, na wanachama. Mwanachama wa Simba au Yanga ana kadi na ana kura. Wafuasi wa Dodgers hawachagui viongozi, kwa kuwa timu ni mali ya wenye kampuni. Kwa hivyo wasiitwe wanachama kamwe, ni mashabiki.

Desturi yao iliyo maarufu kuliko zote wanashirikiana na mashabiki wa timu nyingine. Katikati ya duru ya saba, zamu ya wageni imalizikapo, watazamaji wote husimama, hujinyoosha, na huimba wimbo uliotungwa mwaka 1908 na Jack Norworth na Albert Von Tilzer. Kuita jambo hili mapumziko ni kumfanya msomaji afikiri kwamba wachezaji wamekwenda chumbani kunywa maji. Tunapendekeza mnyoosho wa duru ya saba.

Desturi ya pili ilikuwa ya Los Angeles hasa. Timu ilipohamia huko kutoka Brooklyn mwaka 1958, ilicheza kwanza katika uwanja mkubwa wa Coliseum, ambako wengi walikaa mbali sana na mchezo. Mashabiki wakaja na redio ndogo za transista ili wamsikie mtangazaji Vin Scully akiwasimulia jambo walilokuwa wakilitazama kwa macho yao. Mwaka 1960 Scully aliwaomba kupitia redio wamtakie mwamuzi mmoja heri ya siku ya kuzaliwa, na maelfu wakapaza sauti kwa pamoja. Scully aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 2016. Anayetangaza mchezo kwa namna hii ni mtangazaji, lakini tendo lake ni usimulizi. Tunashauri neno hilo litumike ili kulitenganisha na utangazaji wa matangazo ya biashara.

Kuhusu chakula tutataja kimoja tu. Soseji ndefu inayouzwa uwanjani hapo ina jina ambalo kwa neno kwa neno lingemfanya mfasiri aandike mbwa wa Dodgers. Soseji ya mkate inatosha.

Desturi ya tatu, ambayo mashabiki hao hutaniwa kwayo, ni kuondoka mapema ili kukwepa msongamano wa magari. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1988, katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Oakland, Dodgers walikuwa nyuma kwa 4 kwa 3 katika duru ya tisa. Mchezaji wao Kirk Gibson alikuwa chumba cha matibabu, miguu yote miwili ikiwa mibovu: wa kushoto kwa msuli wa nyuma ya paja, wa kulia kwa goti. Alitoka akichechemea, akapiga mpira ukavuka uzio, na timu ikashinda 5 kwa 4. Katika picha za usiku huo huonekana taa nyekundu za magari ya waliokuwa wamekwisha kutoka. Kwa mfasiri, miguu ya Gibson ni somo jingine: msuli huvutika au huchanika, kiungo huteguka. Kuandika kwamba aliteguka miguu yote miwili ni kupoteza nusu ya habari.

Istilahi tunazozipendekeza

Duru: sehemu moja kati ya tisa za mchezo.
Zamu: nafasi ya timu moja kushambulia ndani ya duru.
Mrusho: mpira utokao kwa mrushaji kwenda kwa mpigaji.
Mtupo: mpira wanaopeana walinzi.
Mtunza afya wa timu: mtaalamu wa huduma za kila siku za wachezaji.
Kano: kiungo cha msuli na mfupa.
Kiungamifupa: kiungo cha mfupa na mfupa.
Upandikizaji wa kano la kiwiko: upasuaji uliobuniwa na Frank Jobe.
Utengamao: huduma za kumrudisha mgonjwa katika hali yake.
Orodha ya majeruhi: orodha ya wachezaji wasioruhusiwa kucheza kwa sababu ya jeraha au ugonjwa.
Mnyoosho wa duru ya saba: desturi ya kusimama na kuimba.

Hitimisho

Tulisema kwamba tutarudi kwenye mrusho na mtupo. Mwaka 2014 Ligi Kuu, pamoja na chama cha taifa cha besiboli cha Marekani, ilitoa mwongozo wa kuwalinda watoto wasije wakahitaji kisu cha daktari. Mtoto wa miaka 9 au 10 asizidishe mirusho 75 kwa siku. Wa miaka 11 au 12, mirusho 85. Wa miaka 13 hadi 16, mirusho 95. Wa miaka 17 au 18, mirusho 105. Kijana asiyezidi miaka 14 aliyefikisha mirusho 66 apumzike siku 4.

Mwalimu atakayepokea mwongozo huu kwa Kiswahili ni lazima ajue anahesabu nini. Akisoma mitupo 75, huenda akahesabu kila mpira uliotoka mkononi mwa mtoto, akaona sheria haitekelezeki, akaiweka kando. Akisoma mirusho 75, atahesabu ile tu inayokwenda kwa mpigaji, na ataweza kumtoa mtoto kwa wakati. Tunawaomba walimu, wafasiri, na watumishi wa afya wayajaribu maneno haya katika sentensi zao wenyewe, na watuandikie pale yatakapokwama.